Shuka ya Eda na Tope la Gasorwe

Kwako Mama Mwajuma wa kipindi cha ushauri,

Nakuandikia mchana huu nikiwa kwenye cherehani yangu barazani, hapa mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, na karatasi nimeiweka juu ya kitambaa ili anayepita adhani napima, maana ninalokuomba unisaidie ni la aibu na sijamwambia mtu, hata kaka yangu Radjabu aliyenipokea siku ile nilipofika hapa sijamwambia.

Mama, mwaka 1986 nilikuwa nimeolewa Gasorwe, kule Muyinga, na Sefu aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, akafariki kwa homa ya siku nne, nikakaa eda kama dini inavyotaka, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mume, nguo nyeupe, hakuna kutoka. Siku ya arobaini ikasomwa hitma, watu wakala pilau, wakaniombea. Kesho yake asubuhi wifi yangu Kadidja, dada wa marehemu, akaingia chumbani, akaweka beseni jekundu mbele yangu, akasema, "Beba vitu yako. We hauna mtoto hapa, donc hauna fasi." Yaani sina mtoto, basi sina nafasi. Nikamwambia eda yangu haijaisha, akasema nikaimalizie kwetu. Nikatoka, Mama, mjane wa siku arobaini na moja, beseni kichwani, mvua inanyesha, nikashuka kilima mbele ya watu wa soko, wanawake niliowashonea magauni wakageuza nyuso, na pale njia inapokata kuelekea Muyinga mjini nikateleza nikaanguka, shuka yangu nyeupe ikajaa tope jekundu kuanzia kiunoni hadi chini. Hakuna aliyeniinua.

Shuka ile sikuifua. Niliikunja na tope lake nikaiweka chini kabisa ya sanduku la bati, na imekaa humo miaka ishirini na miwili. Tulipita vita, nikakimbia nikarudi, na sanduku nilikimbia nalo. Leo nasalimiana sokoni na watu waliong'oa milango ya nyumba yangu, hao nimewasamehe hata sijui ilikuwaje, lakini Kadidja nilikataa.

Sasa mwezi uliopita Kassimu, katibu wa msikiti wa Gasorwe, akanipigia simu kwamba mume wa Kadidja amefariki, watoto wa mke mkubwa wamefunga nyumba kwa kufuli, na Kadidja amesitiriwa kwa jirani, eda yake ina siku saba tu. Hakujaliwa mtoto, na ndugu zake wote wamekwisha. Kassimu akasema, "Kumebaki we tu, mama, hata kama si ndugu ya damu." Nikamwambia amlete. Akanishukuru mpaka akalia, akasema mi niko na moyo, na mimi nilikuwa tayari nahesabu siku.

Nisikufiche. Nilimkubali ili nimtoe. Nilipanga kwamba arobaini yake ikifika niwaite akina mama wa mtaa tusome hitma, wale pilau, na asubuhi yake wakirudi kuosha masufuria mimi nimwekee beseni mbele yao. Beseni nimeshanunua, jekundu kama lile. Akina mama kumi na wanne nimeshawaalika. Na alipofika siku ya tisa ya eda yake, mzee, miguu imevimba, nguo ni ile aliyovaa, nilifungua sanduku nikampa shuka ile ile, nikamwambia avae hiyo, nyeupe nyingine sina, na mimi ni fundi, nina jora zima la nyeupe limesimama kwenye kona. Aliishika akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akaivaa.

Nilingoja aifue, nikamwachia sabuni na maji, hakuifua. Anaivaa kila siku, upande wa tope nje. Juzi jirani yangu Mama Bora, Mkongomani anayeuza vitenge, alikuja kumpa pole akamwambia, "Mama, leta nikufulie hii nguo, iko na matope." Kadidja akamjibu, "Iache. Hii matope iko yangu mi." Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika uji wake. Nikarudi jikoni nikaumwaga wote, kisha nikapika mwingine.

Tangu siku hiyo sijui kama hii ni huruma au ni hasira kwamba kumbe anajua na amenyamaza, maana radhi hajaniomba hata kwa neno moja. Leo ni siku ya thelathini na tatu. Mama, jambo hili nimelibeba tangu ujana wangu, nikilitua sijui nitabaki na nini. Nimtoe au nisimtoe? Nijibu upesi, tafadhali, na usilisome jina langu, maana redio iko chumbani kwake na kila Jumanne anakusikiliza.

Kulthumu, fundi wa nguo

*

Kulthumu, dada yangu,

Barua yako sikuisoma redioni. Majibu haya nimempa binti yangu, atakuja nayo kama mteja aliyeleta sketi ya kupunguza. Mlipe shukrani kwa kumpunguzia kweli.

Pole kwanza, na siitoi kwa desturi. Mjane kutolewa ndani ya eda ni dhuluma. Kadidja alikudhulumu, na wale waliogeuza nyuso nao walikudhulumu. Mtu akikuambia yaliyopita si ndwele, mjibu kwamba hakuanguka yeye. Ihangane, jipe moyo, dada, ulibeba mzigo mzito na ukaubeba peke yako.

Pole imekwisha, sasa nikuseme. Umewaita wanawake kumi na wanne wamwombee marehemu mume wa Kadidja, kumbe umewaita waje watazame fedheha. Hitma umeifanya mtego. Kassimu wa watu anakushukuru kwa machozi nawe unahesabu siku. Halafu umemvika mzee mwenye miguu iliyovimba nguo ya tope, na jora la nyeupe limesimama kwenye kona likikutazama. Angefanya hivyo mtu asiyejua uchungu wake, ningesema ni ujinga. Wewe unajua baridi ya shuka hiyo ilivyo mwilini. Nimekukasirikia, na nimeona ni heri ulisikie kwangu kuliko kwa majirani.

Unasema hajaomba radhi. Ni kweli, na lazima aombe kwa mdomo, ataje mvua, ataje beseni, asikwepe. Lakini usijifanye hukusikia aliyoyasema kwa Mama Bora. Asiye na haya angeifua shuka siku ile ile. Huyu amelivaa kosa lake mbele ya wageni siku ishirini na nne, na nadhani hata siku anazihesabu kama wewe. Aliyemtoa mwenzake asubuhi ya arobaini na moja haisahau asubuhi hiyo. Amekaa humo chumbani akingoja umtoe, na ameona ni haki yako. Hebu lifikirie hilo unapompelekea uji.

Na kuna jambo lingine. Barua yako ni ndefu, tope limetajwa kila mahali, ila marehemu mume wako umemtaja mara moja, anauza vitambaa, basi. Miaka ishirini na miwili umekuwa mjane wa tope, Sefu hujapata nafasi ya kumlilia. Unauliza utabaki na nini. Utabaki na cherehani yako, na nyumba uliyoijenga kwa sindano, na nyumbani kwako yupo mtu wa mwisho duniani anayemkumbuka mume wako akiwa mtoto, alipenda nini, alikuwa mtundu au mtulivu. Ukimtoa huyo, umemzika Sefu mara ya pili.

Kwa hiyo usingoje arobaini. Leo hii, ukimaliza kusoma, kata nyeupe kwenye jora, uishone shuka mpya na pindo safi kama ya mteja anayelipa. Mpelekee. Kisha chukua hilo beseni jekundu, ulijaze maji ya moto, uingie nalo chumbani. Atashtuka akiliona, nawe usimwache na hofu hata kwa pumzi moja. Mwambie mara moja, "Wifi, leta ile shuka tuifue." Kaeni chini wote wawili, mfikiche. Na mikono ikiwa ndani ya maji, mweleze ulichokuwa umekipanga, chote, na beseni lilinunuliwa kwa kazi gani. Ndiyo, utaona haya. Yeye naye amekaa na haya mwezi mzima, zamu yako imefika. Akimaliza kukusikia atasema lake, na asiposema muulize, maana mzee anaweza kushindwa na mlango wa maneno akahitaji kufunguliwa.

Usimwambie umemsamehe kama moyo bado haujakubali, uongo hautakusaidia. Mpe uji, mpake miguu mafuta, mwulize habari za Sefu. Moyo huwa unakuja nyuma, polepole, kama mtu aliyechoka njiani. Na tope la Muyinga nalijua, halitoki lote. Doa litakalobaki liacheni, anikeni shuka uani mchana, Mama Bora aione.

Hitma isomeni, akina mama wale pilau, na asubuhi wakirudi kuosha masufuria, wakute mnakunywa chai. Fungua mlango kama kila siku, asitoke mtu. Siku ya arobaini na moja, eda ya Kadidja itakuwa imebakiza karibu siku tisini. Zako kama hizo ulizikaa peke yako kwa Radjabu, na hasira ikawa ndiyo mwenzako. Hizi zikaeni wawili.

Mama Mwajuma