Gugumaji Lililopanda Mto

Makadara, Mombasa
Jumanne asubuhi

Mpendwa dada yangu Trizah,

Salamu nyingi kutoka pwani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bondo, wewe na shemeji Odera na hao kuku wako wasiokwisha. Mimi mwili wangu hauna neno. Goti lako je? Odera aliniambia kwamba daktari amekuruhusu kutembea hadi langoni bila fimbo, nami nikafurahi sana. Nilipomwomba akupe simu nikaambiwa umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Trizah, tumefundisha shule moja mpaka tukastaafu, na sijawahi kukuona umelala saa nne asubuhi.

Najua umenikasirikia, na una haki. Miaka yote ile ya chumba cha walimu, tukisahihisha mitihani ya jiografia na kuwafundisha watoto wa watu mito ambayo sisi wenyewe hatujaiona, tuliahidiana kwamba tukistaafu tutakwenda kuona japo mmoja. Tulichagua Bangkok, wewe kwa sababu ya mto, mimi kwa sababu ya chakula. Tukasema mwezi wa nane mwakani, goti likishapona. Kisha mimi nikaenda peke yangu mwezi wa tano, na habari ukaipata kwa ujumbe mfupi nikiwa tayari uwanja wa ndege. Nimeona nikueleze kwa kalamu, polepole, maana barua huwezi kuikata kama simu. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Hapa nyumbani pia hawakunielewa. Mwanangu Arnold alikuja na gari kutoka Kizingo, akakaa sebuleni kwangu kama mkaguzi wa shule, akaniuliza kwa nini nisiende Malindi nikapunga upepo kama wazazi wa wenzake. Aliuliza nani atanibebea begi. Nikamwambia begi lina magurudumu. Akauliza nikiugua je, nikamwambia huko pia watu huugua na kuna madaktari. Akaondoka bila kumaliza chai. Bi Nasiha, mwenye nyumba wangu, anayekaa chini yangu, aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Alitaka kujua kama Mwalimu aenda kutafuta mchumba uzeeni, na kama nitampata, basi nimuulizie kama ana kaka. Alipochoka kucheka aliingia ndani akatoka na leso mpya, akasema mwanamke hasafiri bila leso. Alisema kweli. Ile leso ilinifunika mabega kwenye mahekalu, ikanikinga mvua, na siku moja nilifutia machozi. Nitafika hapo.

Nilipanga chumba katika hoteli ndogo, kwenye kichochoro karibu na mto. Binti wa mapokezi alinipa kadi yenye jina na mahali pa hoteli kwa maandishi yao, akanieleza kwamba nikipotea nisihangaike kutamka, niionyeshe tu. Nilimjibu kwa adabu kwamba mimi nimefundisha kusoma ramani maisha yangu yote, sipotei. Akakutanisha viganja vyake kifuani, akainama, kisha akaniwekea kadi mkononi vilevile, kama mtu anayempa mtoto ufunguo wa nyumba.

Nikueleze hayo maandishi, kwa sababu utapenda. Herufi zao zina vitanzi vidogo, na maneno hayaachiwi nafasi, mstari mzima umeshikana. Nilitembea katika jiji la mamilioni ya watu nikiwa sijui kusoma. Kibao cha duka la dawa na kibao cha kinyozi vilikuwa sawa kwangu. Mwanzoni iliniuma. Baadaye nikaanza kuangalia vitu vyenyewe badala ya vibao: huyu anauza nini, huyu amebeba nini, watu wengi wanaelekea wapi. Ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia wanafunzi wafanye, na sisi hatukuwahi kufanya.

Utataka kujua mwanamke wa umri wetu anaishije huko peke yake. Jioni ya kwanza, kwenye mkahawa, mhudumu aliniuliza kwa vidole tuko wangapi. Nikainua kidole kimoja, nikaona haya, nikala harakaharaka. Baada ya siku chache nilikuwa nakiinua kidole hicho kama mnunuzi kwenye mnada. Kule mwanamke mkubwa huitwa Pa, yaani dada mkubwa wa baba au wa mama, hata kama hamjuani. Maswali yao ni ya hapahapa kwetu: mume yuko wapi, watoto wangapi, mbona umekuja bila wao. Mama mmoja muuza matunda alipoelewa kwa ishara kwamba mume wangu amefariki, aliniongezea embe. Embe lenyewe hulila pamoja na wali unaonata uliotiwa tui na sukari. Bi Nasiha nilipomweleza alisema huo si wali, ni uji ulioshindwa kuamua. Soko lao lina wachukuzi wenye mikokoteni kama Marikiti, na mtu akikupigia kelele umpishe njia, huhitaji mkalimani.

Sasa nikuambie kosa langu, ucheke. Siku moja nilitaka kurudi hotelini kwa boti. Gatini boti zilikuwa zikienda pande zote mbili, nami nilijua hoteli iko upande wa baharini, yaani mto unakokwenda. Sikumuuliza mtu. Nilitazama maji kama mtaalamu. Gugumaji, lile lile la ziwani kwenu, lilikuwa likielea mafungu mafungu kuelekea mkono wa kulia. Nikasema basi, mto unakwenda kulia. Nikapanda boti ya kulia, nikatandika leso yangu, nikakaa.

Trizah, bahari ilikuwa inajaa. Mto ule uko tambarare na karibu na bahari, kwa hiyo maji yakijaa huusukuma urudi nyuma, na gugumaji linapanda mto badala ya kushuka. Mimi, mkaazi wa kisiwa, niliyeona kujaa na kupwa pale Likoni maisha yangu yote! Mtu asiyesoma angemuuliza tu mwenye tiketi.

Niliposhuka nilikuwa mbali kabisa. Niliingia kichochoro nikitumaini kukuta barabara, nikakuta kingine, na mvua ikaanza. Nikasimama mbele ya mama anayechoma ndizi, nikatoa kadi. Aliisoma, akaishika mbali na macho, akamwita jirani. Jirani akamwita mumewe. Mzee yule akaonyesha kushoto, mkewe akampiga kofi la begani akaonyesha kulia, na msichana mmoja wa pikipiki akawacheka wote wawili. Walibishana juu yangu kama watu wa Mji wa Kale wanavyombishania mgeni anayetafuta Fort Jesus. Mwishowe yule mama alimwachia jirani jiko lake, akanishika kiwiko, akanipeleka hadi kituo cha basi. Alimwonyesha dereva kadi yangu, akamgombeza kidogo, nadhani alimwambia asinisahau. Kisha akanipa ndizi mbili zikiwa za moto, akaenda zake.

Ndani ya basi nililia, nikafutia leso ya Bi Nasiha. Kijana aliyeketi kando yangu aliniuliza kwa Kiingereza kama nimekula pilipili, nikasema ndiyo.

Sikulia kwa woga. Na hapa ndipo barua yenyewe inapoanzia, dada yangu, vuta kiti.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda Marikiti kununua mboga, kama kila wiki. Nilipotoka na kikapu changu nikasimama barabarani, na sikujua nyumbani ni wapi. Vibao vyote niliweza kuvisoma. Majina niliyajua. Hayakunipeleka popote. Nilirudi ndani ya soko nikajifanya nachagua nyanya, nikiziinua na kuzirudisha, mpaka mwenye nyanya akaniuliza kama natafuta yenye jina langu. Sikuthubutu kumuuliza mtu njia. Nusu ya watu pale nimewafundisha, au nimefundisha watoto wao. Mwalimu Kasyoka aulize Makadara iko wapi? Heri nizeeke palepale na nyanya. Baadaye njia ikarudi kichwani, ghafla, nikaenda nyumbani nikajilaza. Baada ya wiki chache ikatokea tena, Mwembe Tayari.

Nilimwona daktari. Amenipima mara kadhaa. Ni ugonjwa wa kusahau, uko mwanzoni, na dawa zipo za kuupunguza mwendo ila si za kuuzuia. Nilimuuliza kama naweza kusubiri mwezi wa nane wa mwakani kwa safari fulani. Ni mtu mwaminifu, hakunijibu.

Ndiyo sababu sikukungoja. Na sikukwambia kwa kuwa ungekuja na magongo yako mawili, ungenishika mkono Bangkok nzima, na nisingepotea. Nilihitaji kupotea, Trizah, mahali ambapo hakuna anayenijua, nione kama nitabaki mtu. Yule mama wa ndizi hakunidharau. Nilikuwa tu mtu aliyefika kwake anatafuta njia, na kuonyesha njia ni kazi aliyoijua.

Juzi Jumapili nilimweleza Arnold. Akataka nihamie Kizingo siku ileile, apatikane na dereva. Tumekubaliana nikae hapa kwanza, mpaka daktari aseme vingine. Bi Nasiha naye amejua. Alinishika mkono, akasema nikipotea niseme tu kwa Bi Nasiha, hata paka wa Mji wa Kale watanileta. Hata hivyo nimejitengenezea kadi, iko katika pochi yangu: jina, nyumba, simu ya Arnold. Nimeacha nafasi ya namba moja zaidi. Sitaiandika ya mtu ambaye hapokei simu zangu.

Kuna ombi jingine. Binti wa hoteli, embe, gugumaji, kofi la yule mzee, nimekuandikia vyote kwa urefu ili viwe na pa kukaa nje ya kichwa changu. Ukubali kuvitunza. Goti likipona njoo Mombasa, tukae barazani kwa Bi Nasiha, na siku nitakapokwambia kwamba sijawahi kuvuka bahari, usinibishie. Nisomee tu.

Mpe Odera salamu zangu, mwambie hajui kudanganya. Bi Nasiha anakusalimu na kuuliza umempikia nani samaki siku hizi. Mungu akulinde, wewe na goti lako.

Ni mimi rafiki yako, ninayekukumbuka,

Kasyoka