Mistari ya kisu changu ku mupira

Bunia, siku ya tano ya juma, mwezi ya kumi, 1983

Mvua imenyesha tangu jogoo mupaka saa nane. Mabega inaniuma, mikono inaniuma. Nimeoga lakini harufu ya mupira haitoke.

Miye ni kwado. Kazi yangu ni kutoa mipira ya gari, kubandika mahali imetoboka, na kuirudisha. Natumikaka ku barza ya Papa Anzelemi, ule anauzishaka mipira ya okazyo, yenye imekwisha kutumika. Ile nafasi yeye ndiye alinipa, na kole ya kubandika inatoka kwake. Masomo niliacha mu ya tatu primeri. Kusema mbele ya batu, siwezake. Naangaliaka tu.

Leo shemeki Dieudonné, bwana ya yaya yangu, alikuya kunitafuta. Yeye ni shofere ya kamyo ya samaki, kati ya Bunia na Tchomia, ku ziwa. Juma hii aliteleza karibu na Bogoro, kamyo ikazunguka peke yake mu potopoto, matope ya mvua, mupaka kichwa ikaangalia kule alitoka. Mipira yake ya nyuma imekuwa laini kama sahani. Na ule mutelemuko ya kushuka ku ziwa, ukiteleza pale, haiko mahali ya kusimama. Juu ya mizigo kunakuwa bamama ba samaki, na batoto mu mugongo.

"Weye unajua mipira," akaniambia. "Ya mupya siwezi. Uniangalilie ya okazyo yenye itashika mu potopoto. Kesho natelemuka."

Nilifurahi. Mutu hajaniombaka shauri hata siku moja.

Papa Anzelemi alitoa aina mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza ilitoka ku kamyo ya bamisioneri: imekuwa ya kijivu, imepasuka kidogo ku mbavu, moja iko na kiraka. Lakini meno yake ni makubwa, na kati ya jino na jino unaingiza vidole tatu. Ile nafasi ndiyo inatupa potopoto inje. Meno ikikaribiana, udongo inajaa, na mupira inakuwa kama mukate.

Ya pili ilikuwa nyeusi, inang'aa, na mistari ya kuingia ndani.

Shemeki akagusa ile ya bamisioneri. Ku ubavu kulikuwa herufi mbili, M na S.

"Hii inasema nini?"

"Ni ya neige," Papa Anzelemi akasema. "Barafu ya Bulaya, inaangukaka kama mvua. Sasa weye, shofere, Tchomia unakwenda kupakia samaki ao kupakia neige?"

Batu bakacheka. Shemeki naye akacheka.

"Papa, kama inashika ku barafu, si itashika na ku udongo ya Bogoro?"

"Itashika. Lakini angalia sura yake. Hii ni muzee, inatafuta kulala. Kamata hii ingine, ni kijana."

Shemeki akaenda ku ile nyeusi, akainama, akaniita. Nilipitisha kidole mu mistari. Yote ilikuwa inaegemea kushoto.

Miye natumikaka na mukono ya kushoto.

Mwezi ya saba, Papa Anzelemi alinipa mipira ine, imekwisha kabisa, na kisu. Unatia kisu mu moto, unafuata alama ya zamani, unakata mupaka mistari inarudi. Kiisha unapakaa rangi nyeusi. Alisema niingize sana, na niliingiza mupaka karibu na nyuzi za ndani ya mupira. Mupira ya namna ile, mu muji inaweza kutembea. Mu mutelemuko, na mizigo juu, jiwe moja inatosha, inapasuka. Nilijua. Nataka kuandika kama niliwaza ni ya kamyo ya kubeba matofali hapa hapa mu muji. Ni uongo. Sikuwaza kitu. Alisifu mukono yangu, na nikafurahi, kiisha nikachonga na ya bashofere bengine.

Papa Anzelemi akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia vile mutu anaangaliaka imbwa yake mwenyewe, anajua haitamuluma.

Shemeki alikuwa tayari anaingiza mukono mu mufuko.

"Kamata ya neige," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, na nilikuwa naangalia chini.

"Juu ya nini?"

"Hii nyeusi ni miye nilichonga na kisu. Mupira yenyewe ilikwisha."

Papa Anzelemi hakupandisha sauti. "Basi kusanya vyombo vyako, mutoto yangu. Barza imejaa."

Nilikusanya, na shemeki akalipa ya bamisioneri.

Tulifunga mipira ya bamisioneri mu mvua, siye wawili. Nilifikiri shemeki atanishukuru, ao atanihurumia sababu ya kazi. Alikaza kila kitu mara mbili, akapangusa mikono, ndipo akauliza:

"Na zingine ulichonga, ni za nani?"

Niliinama kukusanya vyombo vyangu. Akapanda mu kamyo, akaenda.

Tangu pale nazitafuta mu kichwa. Kuko kamyo ya Aveba, ile inabebaka mihogo. Nilichonga yake mbili ya nyuma. Kuko ya shofere mumoja ya Mahagi mwenye anaimbaka. Zingine bashofere balizileta, nikachonga, bakabeba. Hata jina sikuuliza. Na mvua ingali inanyesha.

Nimechoka, na kazi sina tena. Lakini kesho, mbele kamyo hazijatoka, nitafika ku parking, pale kamyo zinapakiaka. Ule wa Aveba anaondokaka wa kwanza, nitaanzia kwake.

Nitamwambia nini mbele: mupira ni mubaya, ao ni miye niliiharibu?