Sauti ya Makueni

Kwa Vonza,
Jumanne.

Kwa kaka yangu mpendwa Muli,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiomba barua hii ikukute mzima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima huko rumande. Kifua kinaendeleaje? Bado unakohoa asubuhi? Mkeo Mbula alituambia mnalala wengi chumba kimoja na blanketi haziwatoshi. Sikujua kama ni kweli au alitaka tu nimwonee huruma. Mimi unanijua, hata chumvi naionja mara mbili kabla sijakubali kuwa ni chumvi.

Huku tuko salama. Baba anakula vizuri, sahani ya muthokoi anaimaliza, ila macho yamezidi kufifia. Mvua ilinyesha siku tatu ikakata. Ndengu zimeshika, mahindi usiniulize. Binti yako Ndunge anahesabu hadi ishirini siku hizi. Akifika kumi na tatu anarukia kumi na saba, na ukimsahihisha ananuna vile vile unavyonuna wewe.

Ujumbe wako uliompa mjomba Mulinge umefika. Alikaa jikoni kwangu akanywa vikombe vitatu vya chai kabla hajautoa, ndipo nikajua ni mzito. Alisema umesikia kwamba jirani yetu Ndolo alipigwa mshale, na umetuma swali: serikali ilichukua bunduki yako, je, damu haikumwagika? Kisha akasema neno la pili, kwamba hutaki tena kumwona Mbula bomani kwetu, arudishwe kwao Nunguni, kule Makueni, kabla ya kesi kutajwa tena, kwa sababu ndiye aliyekuuza. Nitakujibu yote mawili, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo.

Kaka, sijasahau kwa nini ulinunua ile bunduki ya kienyeji. Kaloki mlinzi alipouawa pale sokoni na wezi, akiwa na rungu na tochi tu, wewe ndiye uliyesaidia kumbeba. Ulirudi na shati lenye damu ukasema sheria ya Kenya ni kali kweli, lakini inamkalia mtu anayelala kwake, na wezi hawajaisoma. Ulisema leseni ni za wakubwa wa mjini. Mimi nilikubaliana na wewe. Siwaamini hao watu hata wakiniambia leo ni Jumanne. Kwa hivyo nilipoona umefukia kitu kirefu chini ya magunia ghalani, na kila Jumapili baada ya kanisa unakitoa na kukipaka mafuta, nilinyamaza. Nilijiambia ni cha wezi.

Halafu likaja jambo la Ndolo na ule mkonge wa mpakani. Unajua ulivyokuwa. Leo amesogeza mche mmoja, kesho miwili, na akiulizwa anasema mkonge hutembea. Nikaanza kukuangalia. Ulikuwa ukimwona kule ng'ambo unaacha jembe na kwenda ghalani, unasimama tu mlangoni. Ghalani hakukuwa na mwizi, Muli.

Ulikuwepo chifu alipofanya baraza akatangaza kwamba mwenye bunduki airudishe kabla ya mwezi kuisha na hataulizwa neno. Baba alisimama akauliza kama uta wake na mishale vinahesabiwa pia. Watu wakacheka, chifu naye akacheka, akamwambia uta ni mila, mzee akae nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakutazama wewe, na wewe ulikuwa unatazama viatu vyako. Tukirudi nilikusihi uipeleke. Ulinijibu kwamba huo ni mtego, kwamba watakaorudisha wataandikwa majina na kufuatwa baadaye. Na mimi nikaona una haki ya kushuku, maana ningeshuku vivyo hivyo.

Kesho yake Ndolo alipanda ndengu zake upande wetu. Ulikuwa unanawa mikono pale karai, hata hukupandisha sauti. Ulisema: "Akivuka tena huo mkonge, nitamlaza." Ukafuta mikono ukaomba chakula. Nilikupakulia, lakini mimi sikula.

Yaliyofuata unayajua. Askari walikuja asubuhi tukipepeta mbaazi, wakaenda moja kwa moja ghalani, hawakupoteza muda hata jikoni. Na yule askari mfupi, yule wa kwetu anayejua Kikamba, akakufunga pingu huku akicheka. Akasema mama aliyewapigia simu alikuwa anaongea Kikamba cha Makueni, kile cha kuvuta maneno, mpaka wao kule kituoni wakamwigiza. Sote tukageuka tukamtazama Mbula. Nani mwingine katika boma lile anaongea hivyo? Miaka sita ameolewa Kitui, na bado akiita kuku watu wa njiani wanajua ametoka Nunguni. Alibaki ameshika ungo, mbaazi zikimwagika, na hakujitetea. Nilisikia watu wakisema baadaye kwamba asiye na hatia angelia.

Tangu siku ile nyumba yetu imeharibika. Baba hali chakula alichopika Mbula, anasubiri changu. Wanawake wa kanisa wanamwachia nafasi pana kwenye benchi. Akichukua simu kuongea na mama yake, mjomba anasogea kusikiliza. Hata Ndunge aliwahi kuniuliza kama mama yake ni mtu mbaya, nami nikamwambia akacheze.

Mwezi uliopita Baba alitaka kumaliza maneno. Alisema kila mtu wa boma aape kwa kithitu, kile kiapo cha wazee ambacho ukikiapa kwa uongo watu wako wanaisha mmoja mmoja. Mbula ndiye aliyesimama kwanza. Alisema: "Kileteni hata leo, mimi nitaapa." Nikaingilia kati. Nikasema sisi ni watu wa kanisa, hatuwezi kuleta mambo hayo, na nikaita mchungaji aje aongee na Baba. Mchungaji alinisifu Jumapili mbele ya watu wote kwa kusimama imara. Nilipigiwa makofi. Mbula pia alipiga.

Sasa habari za Ndolo, ili uzipate kwangu na si kwa watu. Wewe ulipoondoka aliona boma limebaki la mzee na wanawake, akarudi kupalilia zile ndengu. Baba akatoa ule uta wa mila, akasimama kwenye mkonge akafyatua. Mshale ulimpata Ndolo pajani. Tulipiga mayowe, maana unajua mishale ya Baba hupakwa sumu. Lakini ivai, hiyo sumu yenyewe, ilikuwa imekauka tangu zamani, Baba hajapika mpya tangu Mama afariki, na kwa macho yale alilenga kifua akapata paja. Ndolo alilazwa, akashonwa, akarudi. Alikataa kuandikisha maneno kituoni, kwa sababu angeulizwa alikuwa anapalilia shamba la nani. Wazee wamewapatanisha kwa mbuzi, na mkonge umerudishwa palepale. Jana nilimpita dukani akichechemea, akanisalimu kwa kinyongo, nami nikaitikia kwa kinyongo.

Kwa hivyo umeuliza kama damu haikumwagika. Ilimwagika, kaka. Hasira haikuondoka na gari la polisi, ilibaki hapa ikashika kitu kingine. Kama ni sheria ya nchi nzima unayouliza, mimi sijui. Kaloki aliuawa sheria ikiwepo, na wale wezi hawajapatikana hadi leo. Sitakudanganya kwamba serikali inatulinda. Lakini najua habari ya shamba moja. Sumu ya Baba ilikuwa imekauka, na bunduki yako ilikuwa na mafuta ya Jumapili. Wewe macho yako ni mazima. Ndolo anachechemea, na angekuwa kaburini, nawe ungekuwa umefungwa maisha na si kungoja kesi.

Nimeandika mpaka hapa nikaacha kalamu, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Sasa nimerudi na sitainuka tena.

Ni mimi niliyepiga simu.

Unakumbuka miaka minne niliyouza mboga Mukuyuni, huko huko Makueni, kabla sijarudi nyumbani? Kule nilijifunza kuongea kama wao, na siku za utani mimi na wewe tulikuwa tukimwigiza Mbula jikoni na kucheka mpaka machozi. Nilijua kituoni kuna askari anayeijua sauti yangu, nikaogopa. Nikashika simu, nikavuta maneno ya Makueni ili asijulikane aliyepiga. Niliona nimekuwa mjanja sana. Haki ya Mungu, Muli, sikukumbuka kwamba ndani ya boma lile kuna mtu anayeongea hivyo kila siku. Nilikumbuka askari alipocheka. Mbula aliponitazama nilijua kwamba naweza kufungua mdomo, na sikufungua. Nilizuia kithitu kwa kuogopa kiapo, wala si kwa imani, na makofi ya kanisa nikayala.

Sikupiga simu ili ufungwe. Chifu alikuwa amesema hakuna atakayeulizwa neno, nami nilipiga zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Nilidhani watakuja kesho yake, waichukue, waende zao. Walikuja siku nne baadaye, muda umepita, na wakakufanyia kesi. Kama walichelewa au walingoja, hapo mimi nashuku, na nadhani hata wewe utashuku. Simu yangu bado ina ile tarehe na saa. Sijaifuta. Nitasimama mahakamani niseme siku niliyopiga na nilichowaambia, kama itakusaidia, na wote wasikie kwamba ni mimi.

Kama ungeniuliza leo kama ningepiga tena, ningepiga. Ila kwa sauti yangu.

Baba anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni, anadhani nakuandikia habari za ndengu. Alhamisi jioni nitamwambia, kisha nitakula chakula kilichopikwa na Mbula mbele yake mpaka naye aone aibu. Mjomba Mulinge na watu wa kanisa wanakusalimu, hao nitawafikia Jumapili. Salamu nyingi pia kwa wenzako wa chumba hicho, na kama askari watasoma barua hii kabla yako, nao nawasalimu.

Mbula ndiye anayekuletea. Hajui kilichomo, maana nilishindwa kumwambia usoni na nimeona aibu hiyo nayo niiandike. Amefunga nguo zake na za Ndunge kwenye begi moja, na atapitia kwako Alhamisi kukuaga kabla ya kwenda Nunguni. Alisema hataondoka kama mwizi, lazima akuage. Kwa hivyo unaposoma hapa yuko mbele yako, anangoja umalize. Inua macho umwangalie, halafu mwambie arudi nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Kasiva.