Kijitabu cha Maji

Jumapili, 1 Oktoba 1995

Tena baharini. Kabla hakujakucha patron, bosi wangu wa ujenzi, alipiga honi chini ya dirisha, na mtaa wote wa Etterbeek ukajua ninakwenda kubeba masanduku yake. Kutoka Brussels mpaka majabali yale ya Ufaransa ni zaidi ya saa mbili. Mvua njia nzima. Jumatatu mpaka Ijumaa ninabeba simenti yake, Jumapili ninabeba funza wake wa chambo, tena bure. Karatasi yangu ya kazi iko mezani kwake, haina sahihi. Isipotiwa sahihi mwezi huu, kadi yangu ya ukaazi inakufa, na mke wangu Nabintu anabaki Uvira. Ndiyo maana ninabeba.

Alipata samaki mmoja mzuri, mrefu, magamba ya fedha. Akampima kwa utepe, akampiga picha, akamrudisha majini. Watu wazima wawili, safari yote ile, kumpiga samaki picha.

Jumanne, 3 Oktoba

Nilimsimulia Maman Zawadi, mwenye nyumba. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Weye papa, miaka sita unabeba simenti, na bado unajiita muvuvi?"

Miaka kumi nilivua ndagala, dagaa wetu wadogo, kwenye ziwa Tanganyika, kwa wavu na taa, na watu walikula. Huo ndio uvuvi. Kusimama na fimbo ya ndoana ni ugonjwa wa matajiri.

Jumapili, 8 Oktoba

Upepo mbaya kutoka baharini. Mawimbi yalipasukia juu ya mawe, chumvi mpaka kwenye meno. Patron ana kijitabu chenye saa za maji kupanda na kushuka. Anakisoma kama padri anavyosoma misale. Akikifunga, tunahama jiwe. Mwanaume mzima anauliza kitabu kama maji yatakuja.

Nilimwambia, kwa Kifaransa changu cha kuvunjika, kwamba ziwa letu halina saa. Linafuata upepo tu. Alicheka, lakini naona neno lilimwingia. Kutoka hapo akawa ananiita mvuvi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nilimkumbusha karatasi. Bon, haya, Jumatatu, akasema. Alisema hivyo hivyo wiki iliyopita. Simpendi.

Jumapili, 22 Oktoba

Nguo bado zimelowa, ninaandika hivyo hivyo.

Patron alisahau kijitabu nyumbani. Tulikuwa mbali, juu ya jabali kubwa. Bahari chafu, lakini upepo ulikuwa umegeuka, unatoka nchi kavu.

"Wewe mvuvi," akaniuliza, "tuna muda?"

Alingoja jibu kama mwanafunzi. Nilifurahi sana. Nilipima upepo usoni. Kwetu upepo wa namna ile unasukuma maji mbali.

"Muda uko, patron. Endelea tu."

Maji hayakuja mbele. Yalikuja nyuma, kimya, kwenye mfereji tuliopitia asubuhi. Nilipogeuka, umejaa. Tulivuka, maji ya kifua, baridi ya kukata pumzi. Wimbi lilimwangusha. Nilimshika ukosi wa koti nikamvuta mpaka mawe ya juu. Fimbo, masanduku, kiatu chake kimoja, vyote vilikwenda.

Aliendesha gari na kiatu kimoja. Nilijua sahihi ya karatasi yangu imekwenda na masanduku. Mpumbavu. Si yeye.

Jumatatu, 23 Oktoba

Aliwasimulia watu wote wa kazi jinsi nilivyomtoa majini. Nani alimwingiza, hakusema. Wakanipiga mabega kunipongeza. Niliwadharau, na kujidharau zaidi, kwa sababu nilikubali kupigwa mabega.

Mchana aliniita. Karatasi ilikuwa mbele yake, kalamu juu.

"Ulikuwa unajua maji yanakuja, au hukujua?"

Ningeweza kusema bahari ilitudanganya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Sikujua, patron. Ziwa letu halipandi hivyo."

Alichukua kalamu. Akatia sahihi, akaisukuma karatasi kwangu.

"Bon. Jumapili usije."

Jumapili, 29 Oktoba

Mvua. Barua kwa Nabintu iko tayari. Nimemwandikia habari za karatasi. Za maji sikuandika.

Leo niliamka kabla hakujakucha, bila kuamshwa. Nikavaa buti, nikakaa kitandani nikisikiliza honi. Gari moja lilipita chini, halikusimama. Nilikaa hivyo, buti miguuni, mpaka Maman Zawadi akaanza kuimba jikoni.