Ngoma Waliyoiacha Kwetu

Ziwani, Jumapili usiku, 1996

Hata saa ya kengele nimeiondoa chumbani kwake, halafu wao wanakuja na ngoma!

Niliwaeleza akina mama wa maombi pale mlangoni. Daktari alisema mapigo ya moyo wa Akinyi huvurugika akishtuka, ndiyo maana binti yangu huanguka. Asishtuliwe. Mama Nafula, kiongozi wao, akanishika bega. "Mama Akinyi, daktari haoni pepo."

Wakaanza kuimba. Ngoma ilipolia ghafla, Akinyi akaanguka kando ya kochi, macho wazi. Wakapiga makofi! "Ametoka! Pepo ametoka! Asante Yesu!" Mimi niko sakafuni, sikio kifuani mwake, sisikii kitu. Sisikii kitu, nao wanacheza.

Kisha moyo ukaruka, ukapapatika kama kuku aliyefungwa miguu, naye akavuta pumzi. "Matha, niko poa," akaniambia mimi mama yake. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Baba yake ndiye aliyewashukuru. Amewaambia warudi Jumatano wamalizie. Nimelia, nimembembeleza, ananiambia nina imani haba. Na kama siku hiyo moyo hautaruka tena...

Ngoma wameiacha hapa nyuma ya mlango, iwangoje.

Ni mali ya kanisa, najua. Nimechukua kisu cha kukatia mboga ya sukuma, nikaichana ngoma hiyo pande zote mbili. Akinyi amelala, kwa hivyo nimekata polepole, isije ikalia.