Mume Wangu Anataka Kuninunulia Lenzi ya Urefu wa Mkono

Mpendwa mshauri, tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo wengine watasema ni baraka siyo shida, maana ninayekuja kumsemea hapa ni mume anayenipenda, na naandika huku naona aibu, lakini nimesali novena nzima na bado moyo haujatulia.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nakaa Ringwani, wilaya ya Serengeti, shule niliishia darasa la saba, tunalima na kufuga, na pamoja na hayo mimi ni mpiga picha. Nilianza na picha za vitambulisho, sasa kigangoni kwetu hakuna ubatizo wala ndoa wala msiba ambao sijaitwa, na nakwambia bila kuficha, ukiingia nyumba kumi za huku, nane utakuta kazi yangu ukutani. Kamera yangu ni Canon ya zamani, ya megapikseli kumi na nane, na lenzi ni ile ile iliyokuja nayo kwenye boksi.

Mwezi ujao mimi na mume wangu Kornelio, Baba Frida, tunatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Sasa yeye bila kuniuliza amesimama mbele ya wanarika wenzake, wanaume watupu, akasema dume lake jekundu litaenda mnadani ili mke wake anunuliwe kamera mpya yenye lenzi kama za watalii wanaopita kwenda hifadhini, na urefu akauonyesha, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole, akasema, "Verdiana siyo wa kupiga picha na kale kakopo!" Mshauri, kwetu dume linatoka zizini kwa mahari ya kijana au kwa jambo zito, sijawahi kusikia limetoka kwa ajili ya kazi ya mwanamke, niliposimuliwa nililia kwa furaha.

Shida ni kwamba lenzi ya namna hiyo nimeshaijaribu. Nikodemo, binamu ya mume wangu, ni dereva wa magari ya watalii na anayo, akaniazima pamoja na kamera yake kwenye ndoa ya Judith, binti wa jirani yetu. Kanisani kwetu madirisha ni madogo, picha za ndani zote zilitoka na giza au zimetikisika, na nje ndiyo ikawa kichekesho, kila nikiinua kamera naona pua ya bibi harusi peke yake, nikarudi nyuma, nikarudi tena, nikavuka barabara, nikaingia kwenye mtama wa watu, ndipo ukoo wote ukaenea, napiga kelele "sogeleaneni!" na hawanisikii, mpaka mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Mama Frida, unatupiga picha au unatukimbia?" Nikodemo alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji," akasema, "kwa simba hiyo ni nzuri sana, simba hana ukoo wa kupanga mstari."

Baada ya hapo Lilian, mwenye studio Mugumu, akaniazima siku moja lenzi yake ya milimita hamsini, fupi kama kikombe, haivuti hata kidogo, ukitaka kumsogelea mtu unatembea kwa miguu yako. Nikaifunga kwenye Canon yangu, nikamkuta mama mkwe wangu, bibi Wegesa, ameketi ndani kwake anachambua maharage, mwanga ni wa mlangoni tu, nikampiga. Mshauri, kila mkunjo wa uso upo, macho yana uhai, na nyuma yake giza limelainika kama blanketi. Nikamwonyesha. Akaisogeza karibu na macho, akasema taratibu, "Huyu ni mama yangu." Mama yake alifariki bila kuacha hata picha moja.

Nilijivuna. Nilipiga magoti nikatubu kiburi, nikainuka nikaitazama tena. Nimeisafisha, nimeificha ndani ya Biblia, Lilian ameiona, kina mama wa kwaya wameiona, mama mkwe nimemwomba anitunzie siri, Baba Frida peke yake hajaiona, kwa sababu ataniuliza nimeipiga na nini. Dume linaondoka mnada ujao. Je, nipokee hiyo ndefu ninyamaze, au niseme kweli nimwaibishe mbele ya rika lake? Na je, ni dhambi kuipenda kazi ya mikono yako namna hii?

Ni mimi mama Verdiana, Ringwani.

JIBU

Milele amina, Mama Frida, na hongera kwa miaka ishirini na tano.

Nianze na yaliyo rahisi. Nimemwuliza fundi kamera mmoja hapa Musoma, naye amecheka kidogo, kisha amekusifu. Lenzi ndefu kazi yake ni kumleta karibu aliye mbali. Watu wako hawako mbali. Wako kanisani, wako jikoni, wako mlangoni. Hiyo fupi ya hamsini mdomo wake unafunguka mpana, unakunywa mwanga mwingi, ndiyo maana nyumba ya bibi haikukushinda. Ile ya boksini usiitupe, ukoo ukijipanga utaihitaji. Kamera mpya zinaona vizuri zaidi gizani, ni kweli, lakini megapikseli kumi na nane zinakutosha kwa picha kubwa ya ukutani. Anza na lenzi. Siku ukibadili kamera ndani ya kampuni hiyo hiyo, ipo pete ya kuunganishia, lenzi yako itaingia. Ukinunua iliyotumika, imulike kwa tochi, ukiona ukungu ndani, iache hapo hapo.

Sasa nikugombeze. Umeionyesha picha kwaya nzima, ukamnyima mtoto wa huyo mama? Mwanaume anatoa dume kwa ajili yako, na wewe unamficha kazi bora uliyowahi kufanya! Halafu unaogopa kumwaibisha. Utakayemwaibisha ni yule Kornelio atakayeuza dume, kisha akuone tena umesimama kwenye mtama wa watu.

Kuipenda kazi yako si dhambi. Mshukuru aliyekupa macho. Ila kutubu ili upate nafasi ya kutazama tena, hapo umenichekesha, na nadhani Mungu pia.

Kabla ya mnada, mwombe Nikodemo ile ndefu na Lilian ile fupi. Mkalishe mama mkwe pale pale, na maharage yake. Mpe Baba Frida kamera ya Nikodemo, umwambie ampige mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwache arudi nyuma mpaka mgongo ugote ukutani. Usicheke! Kisha mpe Canon yako yenye hiyo fupi, apige tena. Usimfundishe neno. Akimaliza, fungua Biblia, mpe picha, utoke nje.

Dume liende au libaki, mwachie yeye aamue. Picha weka kwenye fremu, aibebe mwenyewe kwa wanarika wake. Wakimwuliza ile ya urefu wa mkono iko wapi, usimsaidie kujibu. Mwanaume aliyesimama kukusifu bila kuombwa hatakosa la kusema, hasa akiwa ameshika uso wa mama yake.