Kulungu wa Mama

Decorah, Iowa
9 Februari

Mama yangu mpenzi,

Hapana, nyumba huiuzi. Nilitaka kukujibu palepale kwenye simu, lakini ulikata kabla sijapata pa kuingilia, kwa hiyo naendelea hapa. Pokea kwanza shikamoo yangu na ya mkweo. Goti linakusumbuaje na baridi hii? Theluji ya mlangoni mwachie jirani yako Bwana Orville na mashine yake. Unajua anasubiri tu umwombe.

Sisi wazima, na kama si hii nyonga ya Wendell ningesema hakuna watu wenye raha kama sisi katika Iowa nzima. Watu wananionea huruma, bibi harusi wa miezi minne anayemsukuma mume kwenye kiti cha magurudumu. Hawajui. Jana redio ilipiga wimbo wa polepole, akashika magongo, akasimama katikati ya jiko na kuniambia nimshike kiuno. Tulicheza bila kuhamisha mguu hata mmoja. Nikimnyoa ananibusu na povu lake, nami natoka na ndevu nyeupe. Mama, sikujua ndoa ni hivi.

Nimeinuka kwenda dirishani. Nilidhani ni gari. Siku hizi situlii.

Daktari anasema nyonga lazima ifunguliwe tena kabla masika hayajaisha. Ikicheleweshwa, mfupa utaungana ulivyo, na Wendell hatasimama tena kwenye mapipa ya jibini kiwandani. Unajua anavyoipenda kazi ile. Hata usingizini mikono yake inakoroga maziwa. Bima ya gari lako tulilopatia ajali, inayolipa abiria bila kuuliza kosa ni la nani, iliishia kwenye upasuaji wa kwanza. Lakini ipo ile nyingine ambayo marehemu Baba alikukatia, wanayoiita mwavuli, inayoanza kulipa pale ya gari inapokoma. Ndiyo itakayomsimamisha. Kwa hiyo sahau habari ya kuuza nyumba.

Shida ni kwamba bima hiyo hailipi kwa huruma. Inalipa mwenye bima akiwa na kosa, na wewe umewaambia kampuni kwamba ajali ililetwa na kulungu. Wakili wetu, Bi Haugen, anasema kulungu akikurukia ghafla, dereva hana kosa, na asipokuwa na kosa hakuna wa kutulipa. Mama mdogo Jolene alikuja Jumapili na bakuli la viazi, akakaa, akatuambia: “Kulungu wa dada yangu anakua. Wiki iliyopita alikuwa jike, sasa ana pembe. Pasaka itafika anavuta mkokoteni wa zawadi wa Baba Krismasi.” Wendell alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Mimi sikucheka.

Bi Haugen alitueleza kwamba njia iliyobaki ni mahakama, na kwamba hapa kwetu watoto huwashitaki wazazi kila siku, halafu Jumapili wanakaa nao benchi moja kanisani, maana wanaolipa ni kampuni. Tulipofika nyumbani Wendell akasema, “Mimi nimpeleke Mama Darlene mahakamani? Bora nichechemee mpaka kaburini.” Nilimpenda kwa maneno hayo, Mama, na yalinitia hasira. Tuligombana siku mbili, ugomvi wetu wa kwanza, kila mmoja akimpikia mwenzake chai kwa kisirani.

Sasa nakwambia, na naomba usome mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyemshawishi. Alhamisi mtu atabisha mlangoni kwako na karatasi za mahakama. Jina la Wendell liko juu, langu liko chini yake, na lako ndilo la mshitakiwa. Nimemwambia Bi Haugen nilichokiona nikiwa kiti cha nyuma, na nikiapishwa nitakirudia. Hakukuwa na kulungu. Ile keki ya harusi yetu, ngazi yake ya juu, uliyotaka kututunzia kwenye friza yako tuile ndoa ikitimiza mwaka, ilianza kuteleza kwenye kiti pembeni yangu. Ulinyoosha mkono nyuma kuishika. Ukapita alama ya kusimama ukiwa umegeuza uso, na lori la kokoto likatupiga upande wa Wendell. Dereva wa lori aliona gari likichomoka tu. Wendell alikuwa amesinzia. Tunaojua ni mimi na wewe.

Najua kwa nini ulisema kulungu. Umeendesha basi la shule miaka yote ile bila mtoto kuumia hata kidole, na mji mzima unakujua kwa hilo. Nakupokonya jina hilo, tena kwa mkono wangu, na silali vizuri. Lakini nikinyamaza, Wendell atakosa mguu kwa sababu mama yangu alitaka keki yetu isianguke, na wewe utakuwa huna nyumba. Sikuweza, Mama. Na wewe usingeweza, kama aliyeumia angekuwa Baba.

Wendell anakusalimu sana. Hana kinyongo, hata chembe; anauliza lini utamtengenezea tena supu ya kabichi. Msalimie Bwana Orville.

Tunakuja kabla Februari haijaisha, nikishampakia Wendell na kiti chake. Ukitufungulia, tutashukuru. Usipofungua, tutakaa hapohapo barazani na baridi yake mpaka ufungue, na unajua nimerithi ubishi kwa nani.

Mwanao anayekupenda,
Corinne Kubiak